Ufasaha wa Kusoma kwa Sauti: Neno la Kiswahili na Mtoto wa Ufipa

Katika upimaji wa stadi za Kusoma, Kuandika na Kuhesabu (KKK) uliofanyika Tanzania mwaka 2013, mwanafunzi wa darasa la pili alisoma kifungu kwa sauti kwa dakika moja. Maneno aliyoyasoma kwa usahihi yalihesabiwa, kisha akaulizwa maswali ya ufahamu. Kigezo cha kitaifa kilichofuata kilikuwa maneno 50 kwa dakika.

Lakini neno ni nini? Kiswahili ni lugha ambishi. Sentensi “Baba ana shamba la mahindi” ina maneno 5 na silabi 10. “Hawakutuambia walikokwenda” ina maneno 2 tu, ilhali silabi zake ni 12. Anayesoma ya pili hufanya kazi kubwa zaidi akahesabiwa kidogo zaidi. Kwa hiyo, kubadili kifungu ni kubadili kipimo, hata kama mtoto ni yuleyule.

Vijijini kwenye uwanda wa juu wa Ufipa, nje ya mji wa Sumbawanga, kuna tatizo jingine. Mtoto aliyelelewa kwa Kifipa hufundishwa shuleni kwa Kiswahili. Kwa kuwa tahajia ya Kiswahili hufuata matamshi kwa karibu, aweza kulitamka “walikokwenda” bila kosa pasipo kujua kwamba -ko- hurejelea mahali. Saa ya mpimaji hailioni hilo. Litaonekana akiulizwa: hawakutuambia nini? Jibu la Kifipa nalo lafaa kupokewa, mradi mpimaji aifahamu lugha hiyo.