Je, Wajua? Mstari wa Gari Hubanduka, Kivuli Chake Hubaki

Ukiwa stendi ya Bweri, Musoma, unangoja gari la Butiama au Bunda, tazama mbavu za magari. Hiace, Noah, hata pikipiki: kila moja ina mistari yake. Michache imepakwa kwa rangi. Mingi ni stika, yaani plastiki nyembamba yenye gundi mgongoni.

Mistari hiyo ilipata sifa kwenye magari ya mashindano. Mwaka 1965, Shelby GT350 ya Marekani ilitoka ikiwa nyeupe yenye mistari ya buluu. Hapa kwetu mstari una kazi pia: daladala nyingi hutambulika njia yake kwa rangi ya mstari, hivyo gari likihama njia au likiuzwa, sharti mstari ubanduliwe.

Hapo ndipo wengi huharibu gari. Gundi ya stika haikauki kabisa. Hubaki nusu ugiligili, nusu mpira, ikijipenyeza kwenye vishimo vya rangi visivyoonekana kwa macho. Ikipoa hukaza, ikipata joto hulegea. Ukiivuta kwa haraka hujikaza na kuondoka na rangi. Ukiivuta taratibu hunyumbuka na kuachia.

Fundi mzoefu huazima draya ya saluni. Hupasha kona ya mstari, huinua ncha kwa kucha, kisha huikunja irudi nyuma karibu ilale juu ya bodi na kuvuta polepole, joto likitangulia. Stika ya zamani ni kazi zaidi: jua limeikausha, hivyo humeguka vipande vipande kama ukoko wa wali. Gundi inayobaki hulainishwa kwa kitambaa chenye mafuta ya taa, kisha huoshwa kwa sabuni. Wembe usiuguse, kwani rangi yote ya gari, tabaka zote pamoja, ina unene unaokaribia wa karatasi ya daftari. Thina nayo huweza kuyeyusha rangi iliyopigwa upya gereji.

Mstari ukishatoka, mahali pake huonekana pameng'aa kuliko kwingine. Wenye magari husugua wakidhani ni uchafu. Kumbe hiyo ndiyo rangi ya asili! Musoma iko digrii moja na nusu tu kusini mwa ikweta, na mionzi ya urujuanimno imefifisha gari zima isipokuwa pale palipofunikwa. Kompaundi husaidia ikipigwa pembeni mwa kivuli, ili kuondoa ngozi iliyochakaa, na kwa kiasi tu.

Basi ukienda kununua gari lililotumika, nenda asubuhi, jua likiwa chini, uchungulie ubavu kwa mshazari. Mstari uliobanduliwa utajionyesha, na utajua kama gari la familia unalouziwa liliwahi kupakia abiria.