Kidonda Kimepona, Mtu Je?
Maisha baada ya ubongo kujeruhiwa

Mtu aliyeumia kichwani anaporuhusiwa kutoka hospitali, jamaa zake aghalabu hudhani kwamba ugonjwa umekwisha. Kidonda kimefunga, anatembea, anakula na kuzungumza. Baada ya majuma machache malalamiko huanza: amekuwa mkali, husahau alilotumwa, huanza kazi asiimalize, huchoka kabla ya adhuhuri. Wengine humwita mvivu, na wengine husema amerogwa. Kumbe mara nyingi hayo yote ni matokeo ya jeraha lenyewe.

Jinsi ubongo unavyoumia

Ubongo wa mtu mzima una uzito wa kilo 1.4 hivi. Ni kitu laini, nao huelea katika majimaji ndani ya fuvu. Mpanda pikipiki anapoanguka na kichwa chake kugonga barabara, fuvu husimama ghafla, lakini ubongo huendelea kwenda hata ukajigonga kwenye mfupa. Nyuzi nyembamba zipelekazo habari kutoka sehemu moja ya ubongo hadi nyingine huvutwa, na baadhi yake hukatika.

Sehemu za mbele, nyuma ya paji la uso, huumia mara nyingi. Hizo ndizo zimwezeshazo mtu kupanga shughuli, kuzuia hasira na kupima neno kabla ya kulitamka. Kwa hiyo mtu aweza kuwa na mwili wenye nguvu na bado ashindwe kuiendesha siku yake.

Mnyapara wa reli

Habari ya Phineas Gage yajulikana sana katika elimu ya ubongo. Gage alikuwa mnyapara wa wajenzi wa reli katika jimbo la Vermont, Marekani. Tarehe 13 Septemba 1848, akiwa na umri wa miaka 25, alikuwa akishindilia baruti katika tundu la mwamba, ikalipuka. Mtaimbo wenye urefu wa zaidi ya mita moja na uzito wa kilo 6 uliingia chini ya shavu lake la kushoto ukatokea utosini. Gage hakufa. Daktari John Harlow alimtibu, na baada ya majuma kumi hivi akarudi kwao, jicho moja likiwa limepofuka.

Hata hivyo, waajiri wake hawakumrudishia unyapara. Harlow aliandika kwamba mtu huyo, aliyekuwa mwenye busara, sasa alikuwa mwenye matusi, asiyesikia shauri, apangaye mambo mengi na kuyaacha upesi.

Sehemu ya habari isiyosimuliwa sana ndiyo yenye funzo. Mwaka 1852 Gage alikwenda Chile, akawa mwendeshaji wa magari ya farasi kwa miaka saba hivi. Malcolm Macmillan, mtafiti wa Australia, ametoa hoja kwamba kazi hiyo yenyewe ilimsaidia: kila siku ilikuwa na saa zake, njia yake na mpango wake ule ule. Gage alifariki mwaka 1860 baada ya kushikwa na kifafa, ambacho chaweza kuzuka hata miaka mingi baada ya jeraha.

Utaratibu kama dawa

Chembe za ubongo zilizokufa kwa kawaida hazirudi, lakini zilizobaki zaweza kufanya miungano mipya kwa mazoezi. Nafuu huja kwa kasi zaidi katika miezi ya mwanzo, kisha huendelea polepole, pengine kwa miaka.

Basi yafaa mgonjwa aamke, ale na alale kwa saa zile zile. Apewe agizo moja kwa wakati mmoja, na shughuli za siku ziandikwe mahali anapoziona. Apumzike kabla hajachoka, na aepuke pombe. Kazini arudi kidogo kidogo. Akipatwa na degedege, au maumivu makali ya kichwa yakizidi, apelekwe hospitali bila kukawia.

Kwa jamaa, jambo kubwa ni kutambua kwamba hasira na usahaulifu ni dalili za jeraha. Kovu la kichwani huonekana na kila mtu huliheshimu. Lile la ndani halionekani, nalo lahitaji subira zaidi.