Maua ya Harusi: Kamati Itenge Kiasi Gani na Ichague Nini?

Huenda baadhi ya wasomaji wetu, hasa wafadhili walio mbali, watashangaa kukuta jarida la maendeleo likiandika juu ya maua ya harusi. Kamati za sharika zilizoko Mbagala, Yombo, Kimara, Tegeta na Boko hazitashangaa. Zinajua kwamba hapa Dar es Salaam harusi haigharamiwi na familia moja. Huundwa kamati yenye mwenyekiti, katibu na mweka hazina, hufanyika vikao kila mwisho wa wiki, na kadi za mchango husambazwa kwa ndugu, majirani, wafanyakazi wenzao na wanajumuiya. Mtu mmoja mwenye ajira huweza kupokea kadi kadhaa katika mwezi mmoja. Fedha hizo hizo ndizo ambazo familia ilitazamia kulipia ada ya shule, na ndizo ambazo usharika unazitarajia kwa bati la kanisa.

Aidha, katika kazi yetu na vikundi vya VICOBA tumeona mara nyingi mkopo ulioombwa kwa jina la biashara ukiishia kumalizia harusi. Mkopo wa cherehani hurejeshwa kwa cherehani. Mkopo wa mapambo hurejeshwa kwa mshahara wa wanandoa wapya, miezi kumi na miwili ya kwanza ya ndoa yao. Ndiyo maana tumeona vema kulieleza jambo hili kwa hesabu badala ya kuwalaumu watu kwamba wanapenda fahari. Maua ni mazuri, na siku ya ndoa inastahili maua. Swali ni yapi, mangapi na kwa fedha ipi.

Ahadi si fedha

Tuanze na kosa kubwa kuliko yote, ambalo halihusu maua hata kidogo. Kamati nyingi hupanga bajeti kwa kutazama daftari la ahadi. Tuchukue mfano wa kamati moja ya kubuni huko Mbagala. Daftari linaonyesha ahadi za shilingi milioni 8. Wiki tatu kabla ya harusi mweka hazina anazo taslimu milioni 5. Mpambaji ameleta makisio ya shilingi 1,200,000: kanisa 350,000, ukumbi 650,000, gari la maharusi 80,000, shada la bibi harusi pamoja na maua ya wasimamizi na ya kifuani 120,000. (Bei hizi ni za mfano tu; kila kamati iweke zile ilizopewa na muuzaji wake.)

Kwa hesabu ya ahadi, mapambo ni asilimia 15 ya bajeti, na mjumbe yeyote ataona ni jambo la kawaida. Kwa hesabu ya fedha iliyopo, ni asilimia 24, yaani karibu robo ya kila shilingi iliyokusanywa. Tunashauri kamati zipange mapambo kwa fedha iliyopo mkononi siku ya kikao, na ahadi zitakazolipwa baadaye zielekezwe kwingine. Chakula kinaweza kuongezwa siku mbili kabla ya sherehe. Maua hayaongezeki kirahisi hivyo, kwa sababu yanaagizwa mapema na kwa kawaida mpambaji hudai malipo ya awali.

Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inataka taarifa ya kusudio la kufunga ndoa itolewe angalau siku 21 kabla, na matangazo ya ndoa kanisani hufuata utaratibu huo. Siku hizo zinafaa pia kuwa mpaka wa kamati. Tangazo la kwanza likisomwa, kifungu cha mapambo kiwe kimefungwa na asiwepo mjumbe wa kukifungua tena, hata kama ni shangazi.

Maua yanatoka wapi

Mawaridi mengi yanayouzwa Dar es Salaam hayakuoteshwa Dar es Salaam. Waridi hupenda usiku wa baridi, na kwa hapa nchini maeneo yenye hali hiyo ni nyanda za juu kama Arusha na Lushoto. Kutoka Arusha hadi hapa ni zaidi ya kilomita 600 kwa barabara. Ua lililokatwa jana asubuhi, likafungwa kwenye boksi na kupakiwa kwenye basi, linafika likiwa limechoka kabla hata halijaanza safari ya daladala kwenda Chanika. Zaidi ya hayo, mashamba makubwa ya mawaridi ya Afrika Mashariki, ya Arusha na ya Naivasha kule Kenya, yalianzishwa kwa ajili ya soko la Ulaya, hasa minada ya Uholanzi. Mnunuzi wa Temeke anashindana na mnunuzi wa Ulaya bila kujua. Ndiyo maana siku za kuelekea Februari 14 bei hupanda, na maua mazuri huwa adimu. Harusi ikipangwa wiki hiyo, kamati ijue kwamba inalipia Siku ya Wapendanao ya watu wengine.

Joto nalo lina hesabu yake. Wakuzaji huhifadhi mawaridi kwenye baridi ya nyuzi 2 hadi 4 za Selsiasi. Januari na Februari mchana wa Dar hufika nyuzi 32, na ndani ya kanisa lenye bati bila dari huzidi. Juni hadi Agosti ni afadhali sana. Lakini sharika nyingi hazifungi ndoa wakati wa Kwaresima, hivyo harusi hurundikana baada ya Pasaka, katikati ya masika, na tena Desemba wakati joto limerudi. Hatuwezi kubadili kalenda ya kanisa. Tunaweza kuchagua maua yanayoivumilia kalenda hiyo.

Yaliyo karibu nasi

Hapa tunaomba wasomaji watuvumilie, maana tuna upendeleo wetu. Desturi ya bibi harusi kushika shada la maua meupe tuliipokea kutoka Ulaya, pamoja na gauni. Malkia Victoria wa Uingereza alipofunga ndoa Februari 1840 alivaa kichwani taji la maua ya mchungwa. Mchungwa, ndugu zangu! Mti ambao ukienda Muheza unapita katikati ya mashamba yake kwa kilomita nyingi. Malkia alivaa ua la mti wa matunda, nasi tunadhani bila waridi la kwenye boksi harusi haijatimia.

Pwani yetu ilikuwa na maua ya harusi muda mrefu kabla ya hapo. Asumini hutungwa kuwa koja au kuchomekwa kwenye nywele, na kikuba chenye asumini, rehani na mkadi hubandikwa kifuani au nyuma ya kichwa, na harufu yake hujaza chumba. Mlangilangi nao unanukia kuliko manukato ya dukani. Wanawake wa Kiislamu wa Temeke na Mbagala wanaujua ufundi huu vizuri, na hatuoni sababu ya bibi harusi wa Kilutheri kuona haya kuwaagiza majirani zake wamtungie. Asumini ina upungufu mmoja: ukiichuma haidumu, kwa hiyo hutungwa siku ile ile ya shughuli.

Familia zetu nyingi zinatoka Kilimanjaro, na kwao kuna isale. Jani hili ambalo Wachaga hulitumia kuomba msamaha na kupatanisha watu linabaki kijani kwa wiki nyingi likiwekwa kwenye maji. Linaota vizuri uani hapa Dar. Mafungu manne makubwa ya masale, mawili kila upande wa madhabahu, na mawaridi meupe machache mbele yake, huonekana kutoka mlangoni. Mawaridi peke yake, yakiwa yametawanywa, hayaonekani kutoka benchi la tano.

Bogenvila hupatikana kila ua la nyumba kuanzia Mbezi hadi Kigamboni, nayo ni bure. Ikikatwa hunyauka upesi, hivyo ifae kwa lango, ikatwe asubuhi na mashina yake yawekwe ndani ya maji. Haibiskasi tusiitumie kabisa, kwani ua lake hufunguka siku moja tu kisha hujikunja. Matawi ya mnazi yaliyosukwa hufanya upinde wa lango ambao mpambaji angedai fedha nyingi kuutengeneza kwa vitambaa.

Kuhusu maua bandia, tusiyadharau. Usharika ukinunua seti moja nzuri ya kitambaa na kuikodisha kwa maharusi, gharama hurudi. Yanahitaji kuoshwa, maana vumbi la barabara zetu hulifanya ua jeupe kuwa la kahawia kwa miezi miwili, na hakuna kinachosikitisha kama ua la plastiki lenye vumbi madhabahuni. Shada la bibi harusi tungependa libaki la maua halisi, kwa sababu ndilo analolishika mkononi na ndilo linaloonekana kwenye kila picha.

Kupunguza pasipo kuonekana

Turudi kwenye kamati yetu ya Mbagala. Jumamosi ile kuna ndoa tatu katika kanisa moja: saa nne, saa saba na saa tisa. Katika hali ya sasa kila familia huleta mpambaji wake. Wa kwanza hupamba alfajiri, wa pili huingia akibomoa ya kwanza huku waimbaji wakikunja majoho, na wa tatu hugombana na wa pili. Wazee wa kanisa wanaamua ugomvi badala ya kupokea wageni. Kamati ya usharika ikiwaita maharusi wote watatu siku ya tangazo la kwanza na kukubaliana rangi moja, shilingi 350,000 zinagawanyika kwa tatu, takriban 120,000 kila mmoja. Maua hayo hayo hubaki kwa ibada ya Jumapili, na usharika hauna haja ya kununua mengine. Yapo malalamiko, hasa juu ya rangi. Nyeupe na kijani humaliza malalamiko mengi.

Ukumbini kuna meza 25. Makisio ya mpambaji yanasema maua 12 kila meza, yaani maua 300. Wageni wanapofika ni jioni, taa za rangi zinawaka, na soda na sahani zikishawekwa hakuna anayehesabu. Maua matano kila meza ni maua 125. Au meza kuu peke yake ipate mawaridi, na meza nyingine masale na mshumaa ndani ya glasi. Kwa utaratibu huu ukumbi unaweza kushuka hadi 240,000. Gari linapambwa kwa utepe na fungu moja la maua, 20,000. Shada na maua ya kifuani tusiyaguse, 120,000. Jumla ni shilingi 500,000, sehemu moja ya kumi ya fedha taslimu iliyopo. Zimebaki 700,000, na wanandoa wengi wa pembezoni mwa jiji wanajua fika kodi ya miezi mingapi imo humo.

Tuongeze neno juu ya mkataba. Mpambaji aandike idadi ya maua na aina yake, asiandike tu "mapambo ya kanisa". Bunda laweza kuwa na maua 10 au 20, hivyo muulize. Saa ya kufika iandikwe, pamoja na nani anabaki na vyombo na nani anabaki na maua. Malipo ya mwisho yatolewe baada ya kazi kuonekana. Tunaifahamu familia moja iliyolipa yote mapema kwa mpambaji ambaye alileta mawaridi yaliyoinama shingo saa moja kabla ya ibada, na kwa kuwa hakukuwa na maandishi, hapakuwa na la kumdai.

Wale wanaonunua maua wenyewe na kuyatunza nyumbani usiku mmoja, wayapokee kwenye ndoo safi iliyooshwa kwa sabuni. Kata kila shina sentimita mbili au tatu kwa mshazari, kwa kisu kikali, kisha lizamishe majini mara moja. Ondoa majani yote yatakayokuwa chini ya maji, kwani yakioza hufunga njia ya maji ndani ya shina. Weka chumba chenye kivuli, mbali na feni. Na mbali na ndizi. Nyumba ya harusi hujaa mikungu ya ndizi na maembe, na matunda yanapoiva hutoa gesi inayozeesha maua upesi. Wengi wamelaumu muuzaji kumbe maua yalilazwa stoo pamoja na mkungu wa ndizi mbivu. Maua ya nchi za joto kama anthuriamu yasiwekwe kwenye friji, baridi huyatia madoa meusi.

Sharika tatu zimetuuliza kama mradi wa bustani unaweza kusaidiwa kwa mbegu na mabomba. Jibu ni kwamba kwa asumini na masale hakuna haja ya kununua mbegu. Vyote viwili huoteshwa kwa vipandikizi, na vikundi vya wanawake vinaweza kuvipata kwa jirani. Vikipandwa mvua za masika zikianza, hushika bila kumwagiliwa sana. Mashimo yachimbwe Februari, upande wa kanisa unaopata jua la asubuhi, na mbuzi wafungwe.