Kujifundisha Kihispania Ukubwani: Mtazamo kutoka Tezo

Makala haya yanakusudia kueleza matatizo yanayompata mtu mzima, msemaji wa Kiswahili, anapoazimia kujifundisha Kihispania pasi na mwalimu. Mfano wetu tumeuchukua Tezo, kando ya barabara kuu itokayo Kilifi kwenda Malindi, ambako watu wengi hukua na Kigiriama nyumbani, Kiswahili sokoni na Kiingereza shuleni. Mtu wa hapo si mgeni wa kujifunza lugha; afikapo utu uzima amekwisha kujua tatu. Kwa nini basi ya nne imshinde? Rai yetu ni kwamba sehemu kubwa ya ugumu haimo katika Kihispania chenyewe, bali katika njia anayopitishwa ili akifikie.

Huenda ikaulizwa, Kihispania na Tezo wapi na wapi? Itifaki ya kurekebisha Katiba ya Umoja wa Afrika, iliyopitishwa Maputo mwaka 2003, iliziorodhesha lugha hizi mbili, Kihispania na Kiswahili, bega kwa bega miongoni mwa lugha rasmi za Umoja huo. Isitoshe, pwani hii ina uzoefu wa lugha iliyo ndugu ya Kihispania. Tarehe 26 Aprili 1967 Waitaliano walirusha setilaiti ya San Marco 2 kutoka jukwaa lao la baharini karibu na Ngomeni, kaskazini ya Malindi, na katika miongo iliyofuata watalii wao wakawa wengi Malindi na Watamu. Wachuuzi na vijana wa ufukweni wakajifunza Kiitaliano kwa sikio tu, bila darasa. Wasemao kwamba hicho ni Kiitaliano kibovu hawawatendei haki, kwani kujenga lugha kutokana na vipande vya mazungumzo ni kazi kubwa ya akili. Hata hivyo, lugha hiyo mara nyingi hukoma pale biashara inapokoma. Mchuuzi aliyezoea kumwita kila mtu *tu* hujikuta hana neno la heshima siku anaposimama mbele ya mzee wa Kiitaliano ofisini.

Mwanafunzi wetu wa Kihispania yu katika hali iliyo kinyume. Hakuna umati wa Wahispania wa kuzungumza naye. Anacho kitabu, na pengine masomo ya kusikiliza katika simu. Kitabu hicho, kwa kawaida, kimeandikwa kwa Kiingereza, kwa ajili ya Mwingereza au Mmarekani.

Hapo ndipo shida inapoanza. Kitabu kitatumia kurasa kadhaa kumwonya msomaji asizivute irabu wala kuziunganisha mbilimbili. Msemaji wa Kiswahili hahitaji onyo hilo: irabu za Kihispania ni tano, *a, e, i, o, u*, na hazitofautiani sana na zake. Wakati wa masomo yangu ya shahada ya pili ng'ambo niliwasikia wenzangu Waingereza wakihangaika na irabu hizo muhula mzima. Ñ ni *ny* yetu. J hukaribia *kh* ya "kheri", na *z* ya Hispania ni *th* ya "thelathini", ingawa Wahispania wa Amerika huitamka *s*.

Kisha kitabu kitamshangaza msomaji kwa habari kwamba sifa hufuata jina na kupatana nalo. Anayesema "kitabu kizuri, vitabu vizuri" atashangaa nini aonapo *libro bonito, libros bonitos*? Kitaeleza kwa taabu kwamba kiwakilishi cha mtenda huachwa, na kwamba kiwakilishi cha mtendwa hutangulia kitenzi. Lakini *lo veo* ni "namwona", isipokuwa Kihispania huandika mbali kile tunachokitia ndani ya kitenzi. Hali ya kutaka, ambayo vitabu vingi huiahirisha hadi mwishoni kama jambo la kutisha, tunayo: "nataka aende", *quiero que vaya*. Hata tofauti ya *ser* na *estar* ina mlango kwetu: "ni mwalimu" ni *es maestro*, na "yuko Tezo" ni *está en Tezo*.

Na yako mambo ambayo kitabu cha Kiingereza hakina sababu ya kuyataja. Sehemu za Hispania zilikuwa chini ya utawala wa Waislamu tangu 711 hadi 1492, na Kiarabu kikaacha humo maneno tuliyoyapokea sisi kwa njia nyingine. *Azúcar* ni sukari, *fulano* ni fulani, na *hasta* ni ile "hata" ya "tangu asubuhi hata jioni".

Sisemi kwamba hakuna ugumu wa kweli. Kwanza ni mkazo. Wetu hukaa katika silabi ya pili kutoka mwisho, ila katika maneno machache kama "barabara" yenye maana ya sawasawa. Katika Kihispania *término* ni mwisho, *termino* ni namaliza, na *terminó* ni alimaliza. Sikio la mtu mzima halikuzoea kutafuta maana hapo. Pili, sikio letu hungojea upatanisho mwanzoni mwa neno, nao Kihispania huuweka mwishoni. Tatu, mipaka ya kufanana hudanganya: "ni mgonjwa" hudai *está*, si *es*. Aidha kwetu mtu hubaki mtu, tukasema "kiongozi mwema" tusijali *ki-*. Kihispania husema *la víctima* hata kama aliyedhurika ni mwanamume.

Liko pia suala la umri wenyewe. Mtoto hukosea akasahihishwa mara mia bila haya. Mtu mzima wa Tezo, mwenye wajukuu wanaomwamkia, hapendi kuchekwa. Husoma kimya, na akisomacho kimya hakisahihishwi na yeyote. Kosa likikaa miaka miwili huwa mazoea. Ndiyo maana kitabu kinachomwambia mapema atakosea wapi, yeye kama msemaji wa Kiswahili, kina thamani kwake kuliko kwa mwanafunzi wa darasani.

Kukiandika kitabu cha namna hiyo ni kazi ya idara kama zetu, na ugumu wa mwanzo utakuwa wa istilahi. Napendekeza tusitumie "jinsia" kwa makundi ya majina ya Kihispania, kwani neno hilo litampeleka msomaji kutafuta uke katika *mesa*, ambayo ni meza tu. Tuseme "ngeli": Kihispania kina ngeli mbili za majina, na msomaji aliyezizoea zaidi ya hizo tangu utotoni atajua mara moja anachotakiwa kufanya.