Sekhemka auzwa, jengo lapanuliwa

Makumbusho ya Northampton, Uingereza, yana vyombo vya kauri na maelfu ya viatu. Sanamu ya Sekhemka, mwandishi wa Misri ya kale, haimo tena. Ni jiwe la chokaa lenye umri wa zaidi ya miaka 4,000, zawadi ya ukoo wa Lord Northampton katika karne ya 19.

Julai 2014 halmashauri iliipiga mnada kwa pauni milioni 15.76 ili kupanua jengo. Misri ilipinga, makumbusho yakapoteza ithibati.

Wafanyabiashara wa mipakani wanajua uzito wa kibali. Serikali ilikizuia kwa muda ili Mwingereza ainunue. Hakujitokeza mtu.

Jengo lilifunguliwa tena mwaka 2021, bila Sekhemka.