SAUTI INAYOPIMA MWENDO WA MOYO

Fungueni madaftari. Leo tutajifunza namna daktari anavyopima mwendo wa nyama ya moyo kwa sauti, bila kisu wala sindano.

Tuanze na jambo mnalolijua. Simama kando ya Barabara ya Umoja wa Mataifa, gari la wagonjwa likienda mbio Muhimbili. Linapokujia, king'ora husikika chembamba. Likishakupita, sauti huwa nene. Je, dereva amebadili king'ora? La. Gari likija, mawimbi ya sauti hubanana. Likienda zake, huachana. Gari likizidi mbio, tofauti nayo huzidi. Mtaalamu wa Austria, Christian Doppler, aliieleza kanuni hii mwaka 1842. Mwaka 1845, huko Uholanzi, wapiga tarumbeta walipandishwa garimoshi ili kuijaribu, ikaonekana ni kweli.

Haya, sasa twende hospitali. Hapo Muhimbili, si mbali na Kariakoo, ipo Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete, iliyoanzishwa mwaka 2015. Huko hufanywa kipimo cha moyo kiitwacho eko. Mgonjwa hulala kwa ubavu wa kushoto. Mpimaji humwekea kifuani kifaa kidogo kinachotoa sauti tusiyoisikia. Sikio la mtu hukoma kwenye mitetemo 20,000 hivi kwa sekunde. Sauti hii ina mitetemo milioni 2 au zaidi. Hugonga moyo, ikarudi kama mwangwi. Nyama ya moyo ikikisogelea kifaa, mwangwi hurudi mwembamba zaidi. Ikijitenga nacho, hurudi mnene zaidi. Kwa tofauti hiyo mashine hupiga hesabu ya mwendo.

Lakini moyoni kuna vitu viwili viendavyo pamoja: damu na nyama. Damu hukimbia, hata kufika mita 1 kwa sekunde, ila mwangwi wake ni dhaifu. Nyama huenda polepole, sentimita 10 hivi kwa sekunde, na mwangwi wake una nguvu. Basi mashine huchuja kama mpishi anavyochuja tui: huacha mwangwi wa damu, hubakiza wa nyama.

Faida yake ni nini? Moyo una kazi mbili: kukaza ili usukume damu, na kulegea ili ujae tena. Mtu mwenye shinikizo la damu la miaka mingi huweza kujiona mzima, akabeba magunia kama kawaida, kumbe nyama ya moyo wake imekuwa ngumu. Inakaza vema, lakini hailegei upesi. Kipimo hiki huonyesha uzito huo, na daktari akauanzia matibabu mapema.

Jueni pia kwamba kifaa hupima mwendo wa kukijia na kukiacha tu. Mwendo wa kukatiza mbele yake hakipimi. Kwa hiyo ukiambiwa geuka, au zuia pumzi kidogo, usiudhike. Mpimaji anatafuta njia iliyonyoka.

Maneno mapya
Mwangwi: sauti inayorudi baada ya kugonga kitu.
Kuchuja: kutenga kitu kimoja na kingine.

Maswali
1. Kwa nini king'ora hubadilika gari likipita?
2. Kipi huenda mbio zaidi moyoni, damu au nyama?
3. Je, anayejiona mzima aweza kuwa na moyo mgumu? Eleza.

Someni tena nyumbani, mkamsomee na mwenzenu mwenye shinikizo la damu. Kwaherini.