KICHEKO CHA MPIGA KURA

Mzaha mzaha, hutumbuka usaha. Wazee wetu waliitoa methali hii kuwaonya wanaochezea kidonda. Nasi twaitumia kueleza habari za taifa kubwa lililopata kidonda cha vita, na wananchi wake, walipoona kwamba kura haikiponyi, wakaanza kukicheka. Taifa hilo ni Marekani, vita vyenyewe ni vile vya Vietnam, na mwaka tutakaoutazama zaidi ni 1968.

Hatuna budi kuanza na ahadi. Mnamo Oktoba 1964, akiomba kura, Rais Lyndon Johnson aliwaambia wananchi kwamba hakukusudia kuwapeleka vijana wa Kimarekani maelfu ya maili kutoka makwao, wakafanye kazi iliyowapasa vijana wa Asia kujifanyia wenyewe. Mpinzani wake, Seneta Barry Goldwater, alitangazwa kila mahali kuwa mtu wa kuchochea vita. Wananchi wakaichagua amani. Johnson alipata asilimia 61 ya kura zote, ushindi ambao marais wachache wamewahi kuupata. Lakini Machi 1965, kabla hata ya miezi mitano kutimia, askari walikuwa wakiteremka pwani ya Da Nang, na kufikia mwisho wa 1968 askari wa Marekani waliokuwako Vietnam walizidi nusu milioni.

Hapo ndipo watu walipoanza kusimuliana kichekesho kimoja. Bwana mmoja alionywa kwamba akimpigia kura Goldwater, nchi itaingia vitani. Hakusikia, akampigia Goldwater. Na kweli, nchi ikaingia vitani. Ndugu msomaji, ukikipima kichekesho hicho utaona ni kizito kuliko hotuba nyingi. Chasema kwamba mlango wa kulia na mlango wa kushoto yote iliingia chumba kimoja, na kwamba aliyeshinda alitenda lile lile aliloshitakiwa aliyeshindwa. Mtu akishafika hapo, kura kwake imekuwa karatasi tu.

Waandishi wa magazeti waliupa jina umbali uliokuwapo baina ya maneno ya serikali na mambo yaliyoonekana kwa macho: waliuita ufa wa kuaminika. Johnson mwenyewe, bila kukusudia, aliwapa wachoraji kazi. Alipopasuliwa nyongo mnamo Oktoba 1965, aliinua shati mbele ya waandishi akawaonyesha kovu. Mwaka uliofuata mchoraji David Levine alimchora Rais akiinua shati vile vile, ila kovu lake lilikuwa na umbo la ramani ya Vietnam. Hakuongeza maelezo marefu, wala hayakuhitajika.

Yatupasa tuulize, ni nani aliyekuwa na haja ya mizaha ya namna hii? Sheria ya kuandikisha askari iliwaahirishia wanafunzi wa vyuo vikuu zamu yao. Mtoto wa mfanyakazi, aliyetoka shuleni akaingia moja kwa moja kiwandani au shambani, hakuwa na kinga hiyo. Tena katika majimbo mengi mtu hakuruhusiwa kupiga kura mpaka atimize miaka 21. Basi kijana wa miaka 19 aliweza kupewa bunduki, akavushwa bahari, akafa, ilhali hakuwahi hata siku moja kuulizwa amtakaye awe Rais. Kwake yeye kicheko kilisimama mahali pa kura.

Mwaka 1968 ulipofika, wachekeshaji wakaingia wenyewe katika uchaguzi. Katika televisheni ya CBS kulikuwa na kipindi cha ndugu wawili, Tom na Dick Smothers. Humo Pat Paulsen, mtu wa uso mkavu usiocheka, alijitangaza kuwa anagombea urais. Aliahidi, akakanusha, akajibu swali kwa kulizunguka, akawapendeza wote wasiopatana. Watu walicheka kwa sababu hakuwa ameongeza chumvi. Wagombea wa kweli walikuwa wakisema hivyo hivyo. Dick Gregory, mchekeshaji Mweusi na mpiganiaji wa haki za watu wake, aligombea kwa dhati akiwa na mzaha mkononi. Alichapisha karatasi za kampeni mfano wa noti ya dola, zikiwa na picha yake, na maofisa wa serikali wakazikamata. Na mnamo Agosti, mjini Chicago, kundi la vijana wapinga vita lilimteua nguruwe kuwa mgombea wao. Polisi wakamkamata nguruwe pamoja na wenyewe, jambo ambalo lilikamilisha mzaha kuliko walivyotazamia.

Lakini tusidanganywe na kelele za kicheko. Mwaka ule ule ulikuwa na watu wengine waliochagua kazi. Vijana wengi walinyoa ndevu, wakapunguza nywele, wakaenda New Hampshire kugonga milango nyumba kwa nyumba wakimwombea kura Seneta Eugene McCarthy, aliyevipinga vita. Tarehe 12 Machi McCarthy alipata asilimia 42, na Rais aliye madarakani asilimia 49. Yule aliyeshinda aliielewa habari hiyo vizuri kuliko mtu yeyote. Tarehe 31 Machi Johnson alitangaza kwamba hatagombea tena. Hakuna mchoro wala kichekesho kilichofanya kazi hiyo peke yake. Milango iliyogongwa ndiyo iliyotia uzito.

Kilichofuata ndicho kilichowavunja watu moyo. Martin Luther King aliuawa Aprili. Robert Kennedy, aliyekwisha kuingia kugombea dhidi ya vita, aliuawa Juni. Katika kura za mchujo wanachama walio wengi walikuwa wamewachagua McCarthy na Kennedy. Hata hivyo chama cha Democratic kilipokutana Chicago mwezi Agosti, kilimteua Hubert Humphrey, makamu wa Johnson, ambaye hakushindana katika mchujo hata mmoja. Wajumbe walio wengi walikuwa wameteuliwa na wakubwa wa chama majimboni. Azimio la amani lilikataliwa na wajumbe zaidi ya 1,500, likaungwa mkono na 1,000 na ushei. Huko nje polisi walikuwa wakiwapiga virungu waandamanaji, na nchi nzima ikitazama. Mwanachama aliyeifanya kazi yake yote kwa taratibu alirudi nyumbani akiwa na swali lile lile alilokuwa nalo yule mwenye nguruwe.

Novemba ikafika. Richard Nixon alipata asilimia 43.4 na Humphrey 42.7, baina yao zilikuwa kura laki 5 hivi. Dick Gregory alipata kama 47,000. Hatusemi kwamba kura za mzaha ndizo zilizoamua, maana hesabu haionyeshi hivyo. Twasema kwamba vita havikungoja watu wamalize kucheka wala kununa. Baada ya Nixon kushika madaraka, askari wa Marekani zaidi ya 20,000 waliongezeka katika hesabu ya waliokufa, hesabu ambayo mwisho wake ilipita 58,000. Kwa Wavietnam msiba ulikuwa mkubwa mara nyingi zaidi. Makisio ya serikali yao ya mwaka 1995 yalifika watu milioni 3.

Kwa hiyo kisa hiki kina maneno kwa pande mbili. Kwa viongozi: dhihaka ya raia ni taarifa iliyokuja bila bahasha. Johnson, aliyechekwa kuliko wote, aliwaandikia akina Smothers barua Novemba 1968 akikubali kwamba kuchekwa ni sehemu ya gharama ya uongozi. Kampuni ya televisheni haikuwa na moyo huo. Ilikifunga kipindi chao mwaka 1969. Kipindi kilikwisha, ufa ukabaki. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na kumfunga mdomo anayeuonyesha ufa hakuuzibi.

Na kwa mpiga kura: kicheko humwamsha mtu, lakini akiisha kuamka lazima asimame. Waliosimama baada ya Chicago walidai taratibu za chama chao zibadilishwe, na kufikia uchaguzi wa 1972 wajumbe walio wengi walipatikana kwa kura za mchujo. Waliosimama kwa ajili ya vijana wasiokuwa na kura walipata mabadiliko ya katiba mwaka 1971, na umri wa kupiga kura ukashuka kuwa miaka 18. Karibu askari wote waliokuwa wamebaki waliondolewa baada ya mkataba wa Paris wa Januari 1973.

Haya yote yalikuja kwa kuchelewa, na wengi walikwisha kuzikwa. Hata hivyo yalikuja kwa mikono ya watu waliokaa mikutanoni mpaka usiku, wakahesabu kura moja moja, na kesho yake wakaamka kwenda kazini.